Jinsi ya Kupima na Kusimamia Mtaji wa Kuendeshea Biashara: Mfano wa Duka la Vifaa vya Ujenzi

Wenye maduka hunijia mara kwa mara na swali lile lile, ingawa kila mmoja analiuliza kwa maneno yake: mauzo yapo, faida inaonekana kwenye daftari, lakini mwenye mzigo akija kudai hakuna cha kumpa, fedha zinakwenda wapi? Mara nyingi hazijaibwa wala hazijaliwa. Nyingine zimesimama stoo kwa sura ya nondo na vigae, na nyingine ziko mikononi mwa wateja waliochukua saruji wakaahidi kurudi mwisho wa mwezi. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuzitafuta zilipo, kuzipima na kuzirudisha kaunta.

Nitatumia duka la vifaa vya ujenzi la mjini Tanzania Bara, kwa kuwa ndilo aina ya duka ninalolijua hadi harufu ya stoo yake. Tarakimu nimezipanga mwenyewe ili zigawanyike kwa urahisi. Utaratibu unafaa pia kwa duka la dawa, la vipuri au la nguo, mradi biashara inunue, itunze na kuuza.

Maana ni fupi. Mtaji wa kuendeshea biashara ni mali zako za muda mfupi, yaani fedha, mzigo na madeni unayodai, ukitoa madeni ya muda mfupi unayodaiwa. Muda mfupi ni miezi 12 kuanzia siku unayopiga hesabu. Gari la kubebea mizigo, jengo na rafu havimo. Katika maelezo yote, wadaiwa ni watu unaowadai wewe, na wadai ni wanaokudai. Wanaoanza huyachanganya maneno haya mawili, na hesabu nzima hugeuka kichwa chini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari la mauzo la miezi mitatu iliyopita, likiwa limetenganisha mauzo ya taslimu na ya mkopo.
- Ankara na risiti za manunuzi za kipindi hicho hicho, pamoja na gharama za kusafirisha mzigo.
- Daftari la madeni, hata kama ni kurasa zilizochanika, tutalipanga upya.
- Taarifa ya benki na ya lipa namba zinazoishia siku moja.
- Ratiba ya marejesho ya mkopo, kama unao.
- Kikokotoo, kalamu mbili za rangi tofauti, na mtu wa kukusaidia kuhesabu ambaye si mtunza stoo.

Hatua ya 1: Chagua siku moja ya kufunga hesabu

Chukua siku ya mwisho ya mwezi, baada ya kufunga duka. Katika mfano wetu ni tarehe 31 Machi, na kipindi ni Januari hadi Machi, yaani siku 90. Kila tarakimu lazima iwe ya jioni hiyo hiyo. Ukichukua salio la benki la Ijumaa, ukahesabu mzigo Jumapili na madeni ukayajumlisha Jumanne, saruji iliyouzwa Jumatatu itahesabiwa mara mbili, kwanza kama mzigo na kisha kama deni.

Hatua ya 2: Hesabu mzigo kwa bei ya kununulia

Hesabu kwa macho na mikono, kwa sababu daftari halioni mfuko uliopasuka. Kila bidhaa izidishwe kwa bei uliyoinunulia, ukiongeza usafiri wa kuifikisha dukani. Kosa linaloongoza hapa ni kutumia bei ya kuuzia, jambo linalomfanya mtu ahesabu faida ambayo bado hajaipata.

Kuna vitu vitatu vya kuangalia kwa makini. Mzigo uliokwisha kulipiwa na mteja lakini bado uko kwako, kama mifuko 40 ya saruji iliyoachwa hadi fundi apige jamvi, si mali yako. Uweke pembeni na uuandike jina. Mzigo ulio njiani kutoka Kariakoo ambao tayari ni wako uhesabiwe, na deni lake liandikwe pia. Tatu, inua mifuko ya chini. Saruji iliyolazwa moja kwa moja sakafuni wakati wa masika huganda kuanzia chini, na ukiigonga mfuko unalia kama jiwe. Huo si mzigo tena.

Unapohesabu, tumia kalamu ya pili kuzungushia duara kila kitu ambacho hakijauzwa hata kimoja katika siku 90. Hizo ndizo bidhaa zilizododa. Katika maduka mengi ni vigae: maboksi matano yaliyobaki ya rangi ambayo kiwanda hakitoi tena, hayatoshi sebule ya mtu, na kila mteja anayaangalia, anayasifu, kisha anaondoka.

Mfano wetu: mzigo wote ni shilingi 24,000,000, na kati yake uliododa ni 4,000,000.

Hatua ya 3: Panga wadaiwa kwa umri wa deni

Chora safu nne: siku 0 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na zaidi ya 90. Kila deni liingie kwenye safu yake kwa kuhesabu tangu siku mzigo ulipotoka, si tangu siku mteja alipotoa ahadi ya mwisho. Mteja aliyelipa kidogo kidogo, malipo yake yapunguze kwanza deni la zamani.

Mfano wetu: jumla ya wadaiwa ni 9,000,000, na kati ya hizo 3,000,000 zimepita siku 90.

Hatua ya 4: Orodhesha unachodaiwa

Anza na wauzaji wa jumla, ukiingiza na mali kauli, kwa maana mzigo uliouchukua kwa neno la mdomo ni deni kama mengine hata kama hauna ankara. Kisha andika malipo ya awali ya wateja ambao hujawapa mzigo (isipokuwa ya ule uliokwisha kuuweka pembeni katika Hatua ya 2), mishahara iliyofikia siku yake, kodi za serikali ambazo hujazipeleka, na sehemu ya mkopo wa benki itakayolipwa ndani ya miezi 12. Wengi husahau hii ya mwisho kwa kuwa mkopo ni wa miaka mitatu, wakidhani wote ni wa muda mrefu.

Mfano wetu: wauzaji wa jumla 6,000,000, malipo ya awali ya wateja 1,500,000, mshahara wa msaidizi 300,000, marejesho ya mkopo 7,200,000. Jumla ni 15,000,000.

Hatua ya 5: Toa hesabu, kisha uisafishe

Fedha taslimu, benki na kwenye simu ni 2,000,000. Mali zote za muda mfupi ni 24,000,000 + 9,000,000 + 2,000,000 = 35,000,000. Ukitoa madeni ya 15,000,000, mtaji wa kuendeshea ni 20,000,000.

Usifurahi bado. Ondoa bidhaa zilizododa (4,000,000) na madeni yaliyopita siku 90 (3,000,000), ubaki na mali za 28,000,000. Mtaji uliosafishwa ni 13,000,000. Hii ndiyo tarakimu ya kufanyia maamuzi. Ile ya 20,000,000 ni ya kujifariji. Wahasibu hawaondoi kila kitu namna hii, hukadiria kiasi gani kitapatikana, lakini kwa mwenye duka anayeanza ni afadhali ukali huu kuliko matumaini. Vigae vikiuzwa kesho, vitakuwa vimekuja kama bahati.

Kisha piga kipimo kimoja zaidi. Chukua fedha na wadaiwa wanaolipika tu, bila mzigo, ugawanye kwa madeni: (2,000,000 + 6,000,000) ÷ 15,000,000 = 0.53. Maana yake, wanaokudai wote wakija bila wewe kuuza hata msumari, ungeweza kulipa senti 53 katika kila shilingi. Sehemu ya madeni hayo ni marejesho ya mwaka mzima, hivyo duka halifi leo, lakini halina pumzi.

Hatua ya 6: Geuza shilingi ziwe siku

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi, na nakusihi usiiruke, kwa kuwa shilingi hukuambia fedha ni kiasi gani ilhali siku hukuambia zimekwama wapi. Unahitaji tarakimu mbili za kipindi: mauzo yote, ambayo hapa ni 45,000,000 au 500,000 kwa siku, na gharama ya bidhaa zilizouzwa, ambayo ni 36,000,000 au 400,000 kwa siku.

Siku za mzigo kukaa stoo: mzigo ÷ gharama ya bidhaa zilizouzwa kwa siku. 24,000,000 ÷ 400,000 = siku 60.

Siku za kusubiri wadaiwa: wadaiwa ÷ mauzo kwa siku. 9,000,000 ÷ 500,000 = siku 18.

Siku unazovumiliwa na wauzaji: deni la wauzaji ÷ gharama ya bidhaa zilizouzwa kwa siku. 6,000,000 ÷ 400,000 = siku 15.

Mzunguko wa fedha ni 60 + 18 − 15 = siku 63. Shilingi uliyomlipa muuzaji wa jumla leo itarudi mkononi mwako baada ya miezi miwili na siku kadhaa, na katika muda wote huo pango, mlinzi na umeme havikusubiri.

Tahadhari juu ya zile siku 18. Zimepatikana kwa kugawanya kwa mauzo yote, yakiwemo ya taslimu, na zinafaa kwa kupima mzunguko. Ukitaka kujua tabia ya wanaokopa, gawanya kwa mauzo ya mkopo peke yake. Duka letu liliuza kwa mkopo 18,000,000, sawa na 200,000 kwa siku; 9,000,000 ÷ 200,000 ni siku 45. Mteja anayeahidi kulipa baada ya wiki mbili anakaa na fedha zako mwezi na nusu.

Sasa angalia jambo linaloumiza maduka yanayokua. Mzigo na wadaiwa, ukitoa deni la wauzaji, vimefunga 27,000,000. Mauzo yakipanda kwa nusu, na siku zikabaki zile zile, utahitaji 13,500,000 zaidi za kufunga humo humo. Faida ghafi ya miezi mitatu, yaani mauzo ukitoa gharama ya bidhaa zilizouzwa, ni 9,000,000 kabla ya gharama nyingine yoyote. Kwa hiyo ukipata tenda nzuri ghafla, biashara inaweza kukosa fedha katika msimu ule ule inapouza kuliko wakati wowote. Kabla ya kupokea kazi kubwa, piga kwanza hesabu hii.

Hatua ya 7: Punguza siku za stoo

Gawa bidhaa katika mafungu matatu. Zinazotoka kila siku, kama saruji, misumari na nondo za milimita 12, ziagizwe kidogo kidogo na mara nyingi. Hizo na zinazotoka kwa wiki zipangiwe kiwango cha chini, yaani idadi ambayo ikifikiwa unaagiza: mauzo ya siku moja mara siku za mzigo kufika, ukiongeza akiba ya siku chache. Ukiuza mifuko 20 ya saruji kwa siku na gari huchukua siku 3, agiza inapobaki mifuko 100, yaani 60 ya kusubiria na 40 ya dharura. Zile za oda maalumu, kama milango ya aina fulani au masinki ya bei, usiweke stoo. Weka sampuli moja na uchukue malipo ya awali.

Bidhaa zilizododa ziuzwe hata kwa hasara ndogo. Najua inauma kuuza kigae chini ya bei uliyonunulia. Lakini hiyo shilingi ikirudi leo na kuzunguka katika saruji kila wiki mbili, itafidia pengo mapema kuliko kumsubiri mteja mwenye sebule ndogo.

Ukishuka kutoka siku 60 hadi 45, mzigo utakuwa 18,000,000, na 6,000,000 zitarudi mkononi.

Tahadhari: usipunguze hadi mteja akose nondo akaenda duka la jirani. Anayekwenda kwa ajili ya nondo hununua huko na saruji na waya.

Hatua ya 8: Weka masharti ya mkopo na uyafuate

Bango la "Leo taslimu, kesho mkopo" ukutani halijawahi kumzuia mtu anayefahamiana na mwenye duka. Kinachozuia ni masharti yaliyoandikwa: nani anakopeshwa, kikomo chake ni shilingi ngapi, na deni likipita siku ngapi hapewi mzigo mwingine.

Katika vifaa vya ujenzi mtego mkubwa ni fundi anayechukua mzigo kwa jina la mwenye nyumba. Siku ya kudai, mwenye nyumba husema alishampa fundi fedha, na fundi hapatikani kwenye simu. Kabla ya kutoa mzigo, mpigie mwenye nyumba mwenyewe, mtumie orodha na bei kwa ujumbe, na usubiri akubali kwa maandishi. Atakayeupokea mzigo eneo la ujenzi aweke jina na sahihi kwenye hati ya kupokelea.

Mimi mwenyewe niliwahi kumkopesha mkandarasi mmoja mifuko 200 ya saruji kwa neno la "nikilipwa nakulipa". Alilipwa kwa kuchelewa, nami nikalipwa baada ya miezi saba, bila hata nauli ya kufuatilia. Tangu hapo, anayesubiri kulipwa na mtu mwingine hutanguliza nusu.

Kumbusha siku tatu kabla ya deni kuiva. Piga simu siku yenyewe. Likipita wiki moja, nenda. Ukirudisha siku 18 ziwe 12, wadaiwa watakuwa 6,000,000 na utakuwa umepata 3,000,000.

Kama umesajiliwa kwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, jambo hili lina makali zaidi. Kodi hiyo, ambayo kwa kawaida ni asilimia 18, hudaiwa tangu unapotoa ankara au mzigo, na ritani, yaani taarifa ya kodi, hupelekwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amekulipa au hajakulipa. Ukikopesha kwa siku 45, kodi ya mteja unaitanguliza wewe.

Hatua ya 9: Zungumza na wauzaji wa jumla

Omba siku zaidi ukiwa bado unalipa vizuri. Anayeomba akiwa amechelewa haombi, anajitetea. Kutoka siku 15 hadi 20 ni 2,000,000 zaidi unazotumia bila riba.

Lakini pima bei ya uvumilivu huo. Mali kauli mara nyingi huwa ghali kuliko ya taslimu. Kama muuzaji anakupunguzia asilimia 2 ukilipa leo badala ya baada ya siku 30, kukataa punguzo hilo ni sawa na kukopa kwa karibu asilimia 25 kwa mwaka. Linganisha na riba ya benki yako. Ikiwa benki ni nafuu na fedha unazo, lipa leo.

Hatua ya 10: Tengeneza ratiba ya fedha ya wiki 13

Kwa kila wiki andika fedha za kuanzia, zitakazoingia, zitakazotoka, na salio. Wiki ya kwanza ya Aprili katika mfano wetu: tunaanza na 2,000,000, mauzo ya taslimu 2,100,000, madeni yatakayolipwa 1,000,000. Yanatoka 3,500,000 kwa muuzaji wa jumla, 750,000 za rejesho na riba, 300,000 za mshahara, na 400,000 za umeme, ulinzi na usafiri. Salio ni 150,000. Ukiliona hili tarehe 31 Machi, una muda wa kumwomba muuzaji apokee nusu. Ukiligundua Alhamisi jioni, huna.

Ingiza mapema yale makubwa yanayokuja kwa vipindi: pango la miezi sita au mwaka, leseni, awamu za kodi ya mapato za mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba kwa mwaka wa kalenda, na ada za watoto za Januari. Ada si gharama ya biashara, lakini kama zitatoka kwenye droo ya duka lazima zionekane. Jipangie mshahara na usichukue zaidi ya hapo. Kula mtaji huanza na elfu kumi ya nyanya na kitunguu.

Pale hesabu inapokusumbua

*Mtaji umetoka hasi.* Kwa mgahawa au duka la vyakula linalouza taslimu na kulipa wauzaji baadaye, linaweza kuwa jambo la kawaida. Kwa duka la ujenzi linalokopesha ni hatari. Anza na Hatua ya 8 na ya 9 wiki hii hii, na usinunue mzigo wa ziada.

*Mali ni mara nne au tano ya madeni.* Mara nyingi hii si afya. Angalia kama stoo imejaa kupita kiasi au kama fedha zimelala benki bila kazi.

*Mzigo umepungua lakini fedha hazijaongezeka.* Fuata mambo matatu kwa mpangilio huu: ulichojichukulia mwenyewe, madeni ya zamani uliyolipa, na upotevu. Kwa upotevu, pima upya mzani wa misumari na uhesabu vipande vya nondo zilizokatwa.

*Siku za stoo zimepanda ghafla Aprili.* Mvua za masika hupunguza ujenzi. Linganisha na Aprili ya mwaka jana, si na Februari.

*Kiwanja kimenunuliwa kwa fedha za duka.* Fedha zimetoka muda mfupi zikaingia muda mrefu, na hazitarudi ndani ya wiki 13. Hapa mkopo wa muda mrefu unaolipwa taratibu unaweza kufaa kuliko kuendelea kuchelewesha wauzaji, mradi rejesho lake liingie kwenye ratiba kabla hujasaini.

*Hesabu ya mzigo hailingani na daftari.* Usirekebishe daftari ili lilingane. Andika tofauti, rudia kuhesabu bidhaa tano za thamani kubwa zaidi, na tofauti ikibaki, hesabu tena baada ya siku saba ukiwa na msaidizi mwingine.